Hela nilihesabu mwenyewe, mbona nilinyoosha mkono?

Shikamoo Anti,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, nashona nguo hapa Morogoro mjini. Nipo kwenye kikoba cha kina mama, tuko 28, tunakutana kila Jumamosi jioni nyumbani kwa mwenyekiti. Sitaki kukisema vibaya kikoba chetu. Cherehani yangu ya pili nimeinunua kwa mkopo wao, na mama yangu alipofariki walikuja wote, wakapika na kuosha vyombo mpaka matanga yakaisha.

Hivi karibuni mmoja wa wahesabu fedha alifiwa, nikaombwa nishike nafasi yake kwa siku ile. Mimi na mhesabu mwenzangu tulihesabu mfuko wa jamii noti kwa noti pale juu ya mkeka. Ilikuwa laki nne na kumi na nane elfu. Nakumbuka vizuri kwa sababu kulikuwa na noti ya elfu kumi iliyobandikwa selotepu, tukabishana kama benki wataipokea, halafu tukarudia hesabu yote. Sanduku likafungwa kufuli zake tatu, wenye funguo wakaondoka na funguo zao.

Jumamosi iliyofuata katibu akasoma salio la wiki iliyopita: laki tatu na kumi na nane elfu. Nilishtuka. Nikamtazama mhesabu mwenzangu, nikamwona ametulia anatazama mbele. Mwenyekiti akauliza, "Tunaafiki?" Mikono ikaanza kupanda kutoka safu ya mbele, ikaja, ikaja, na wa kwangu ukapanda. Sanduku likafunguliwa, zikahesabiwa laki tatu na kumi na nane, tukapiga makofi, tukaendelea kununua hisa.

Njiani tukirudi nikamuuliza yule mwenzangu. Akasema, "Hata mimi nilishtuka. Lakini nilipokuona umenyoosha mkono nikajua mimi ndiye niliyechanganya."

Anti, tangu hapo silali vizuri. Mume wangu anasema nimezoea kuburuzwa. Kibaya zaidi, kadiri siku zinavyopita hata mimi sina hakika tena kama kweli zilikuwa laki nne. Mwenyekiti ni jirani yangu, na ombi langu la mkopo wa kununua mashine ya kudarizi liko mezani kwake. Je, mimi ni mwoga? Au nilihesabu vibaya? Na Jumamosi ijayo nifanyeje bila kuvunja undugu?

Mshona Nguo, Morogoro

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa kukosa usingizi.

Nianze na neno la mumeo, maana naona limekuingia kuliko hiyo laki moja. Aliyezoea kuburuzwa hashtuki katibu akisoma salio. Wewe ulishtuka, ukamtazama mwenzako kutafuta msaada, hukuupata, ndipo mkono ukapanda. Jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi na watu makini, na nataka ulijue kabla hujarudi kwenye ule mkeka, kwa sababu ukijua kilichokushinda utajua pia pa kukishikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na mwanasaikolojia huko Marekani aitwaye Solomon Asch, mzaliwa wa Warsaw, akifundisha Swarthmore College. Aliwaketisha vijana wa chuo 7 hadi 9 chumba kimoja, akawaonyesha kadi mbili. Kadi ya kwanza ilikuwa na mstari mmoja. Ya pili ilikuwa na mistari mitatu. Kazi yao ilikuwa kusema, mmoja baada ya mwingine na kwa sauti, ni upi kati ya ile mitatu unalingana na ule mmoja. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Mtu akijibu peke yake, hakosi hata mara moja katika mia.

Ila katika chumba kile ni kijana mmoja tu ambaye hakujua mpango. Wengine wote walikuwa wameelekezwa na Asch, na yeye alipangwa karibu na mwisho ili ayasikie majibu yao kwanza. Kadi za mwanzo mbili wote walijibu sawasawa. Kadi ya tatu, wa kwanza anataja mstari usiolingana, bila wasiwasi. Wa pili anataja huohuo. Wa tatu vilevile. Kijana wetu anakodoa macho, anajigeuza kwenye kiti, anatabasamu kwa aibu. Zamu yake inafika.

Kwa vijana 123 waliopimwa, majibu yaliyofuata kosa la kundi yalikuwa asilimia 36.8. Kati ya kila vijana wanne, watatu walifuata kundi angalau mara moja. Hata pale mistari ilipotofautiana kwa inchi 7, bado walikuwepo waliosema imelingana kwa sababu wenzao wamesema hivyo. Hawa walikuwa wasomi, wenye macho mazima, hawana mkopo wowote mezani kwa mtu. Wewe ulikuwa mbele ya jirani yako na wanawake waliokuzikia mama. Unaona mzigo wako ulivyokuwa mzito kuliko wao?

Usiache pia kuitazama hesabu ile kwa upande wake wa pili, maana wanaoisimulia huisahau. Karibu theluthi mbili ya majibu yalikuwa sahihi ingawa kundi zima lilisema vingine, na robo ya vijana hawakufuata kosa hata mara moja. Mtu anaweza kusimama. Swali la maana ni nini kinamwezesha, na hilo tutalifikia.

Uliniuliza kama ulihesabu vibaya. Siwezi kujua kutoka huku. Ninachojua ni kwamba kupoteza uhakika siku chache baada ya kunyoosha mkono hakuthibitishi kwamba ulikosea. Asch aliwahoji vijana wale baadaye. Wapo waliosema waliona kosa lakini hawakutaka kuonekana wa ajabu. Wapo pia walioshika kwamba wenzao wengi hivyo hawawezi kukosea, basi macho yao wenyewe ndiyo mabovu, na wengine waliona aibu wakaficha huo waliodhani ni udhaifu wao. Kabla yake, mwaka 1935, Mturuki Muzafer Sherif alitoa utafiti aliofanya katika chumba chenye giza totoro. Aliwasha nukta ndogo ya mwanga ambayo haikusogea, ila katika giza jicho la mtu huiona kama inasogea. Kila mtu akiulizwa peke yake alikuwa na kipimo chake cha imesogea kiasi gani. Wakiwekwa pamoja wakisikilizana, vipimo vyao vilikaribiana mpaka wakawa na kimoja cha pamoja. Na baadaye mtu akiulizwa tena akiwa peke yake, hakurudi kwenye kipimo chake cha zamani. Aliendelea na kile cha kundi.

Ndicho kinachokupata sasa. Kumbukumbu ya mtu ni laini, na ile laki tatu iliyosomwa, ikaafikiwa, ikapigiwa makofi, inazidi kuichukua nafasi ya laki nne uliyoihesabu. Kwa hiyo leo, kabla hujalala, andika kwenye daftari kila unachokumbuka: tarehe, kiasi, noti yenye selotepu, mlivyobishana kuhusu benki, nani alikaa wapi. Usimuulize mtu mwingine kwanza, andika yako. Ile noti hasa inanipa imani na hesabu yako, kwa sababu ni jambo dogo ambalo mtu hana sababu ya kulitunga, na lilitokea hapohapo mlipokuwa mkihesabu.

Sasa nije kwenye sehemu ya barua yako niliyoirudia kusoma. Mwenzako alisema, "Nilipokuona umenyoosha mkono nikajua mimi ndiye niliyechanganya." Na wewe ulipomwona ametulia, ukajua ni wewe. Wote wawili mlikuwa na hesabu ileile kichwani, kila mmoja akausoma uso wa mwenzake kama ushahidi dhidi yake mwenyewe. Kwako alikuwa sehemu ya kundi. Kwake, wewe ndiye uliyekuwa kundi.

Bibb Latané na John Darley walilionyesha hili mwaka 1968 kwa namna inayotisha kidogo. Waliwaweka watu chumbani wajaze fomu, kisha moshi ukaanza kuingia kupitia tundu la ukutani. Aliyekuwa peke yake, mara tatu kati ya nne alitoka kwenda kuripoti. Lakini walipomweka na watu wawili walioelekezwa wakae kimya wasijali, ni mmoja tu kati ya kumi aliyeripoti. Waliobaki walikohoa, wakafikicha macho, wakaupunga moshi kwa mkono ili waone karatasi, wakaendelea kujaza fomu. Kila mmoja alimtazama mwenzake, akamwona shwari, akaamua basi si moto.

Sasa fikiria kina mama 28. Mfuko wa jamii ni wa wote, na salio lake hutangazwa mbele ya wote kila wiki. Sidhani kama ni ninyi wawili tu mliosikia kitu hakijakaa sawa. Inawezekana waliosikia ni watano, au kumi, kila mmoja akitazama mikono ya wenzake inavyopanda. Ule umoja mliouona pale sebuleni huenda haukuwepo kwenye nafsi za watu.

Wapo watakaokwambia huu ndio ugonjwa wetu Waafrika, kwamba Mzungu angesimama. Usikubali maneno hayo kirahisi. Vijana wa Asch walikuwa Wamarekani. Ni kweli kwamba mwaka 1996 Rod Bond na Peter Smith walikusanya tafiti 133 za aina hii kutoka nchi 17, wakakuta kufuata kundi ni kwingi zaidi katika jamii zinazothamini umoja kuliko mtu mmoja mmoja. Lakini kuna sababu yake, na si udhaifu wa akili. Mwaka 1967 John Berry aliwalinganisha Watemne wa Sierra Leone na Wainuit wa kisiwa cha Baffin, kaskazini ya mbali ya Kanada. Watemne, wakulima wa mpunga, walifuata kundi zaidi. Wainuit, wawindaji, walisimama na lao. Mpunga unavunwa mara moja kwa mwaka, unawekwa, unagawanywa kidogo kidogo hadi mavuno mengine, na kila mtu akifanya lake watu watalala njaa. Mwindaji juu ya barafu lazima ajiamulie mwenyewe. Kila jamii imewafunza watoto wake kile kilichoiweka hai.

Ninyi mnaweka akiba pamoja. Bila moyo wa kukubaliana kikoba kisingedumu hata miezi sita, na mama yako asingezikwa kwa heshima ile. Kwa hiyo sikuambii uwe mtu wa kupinga. Nakuambia kikoba kinahitaji mahali ambapo kupinga kunaruhusiwa, na bahati nzuri mahali hapo mnapo tayari, sema mmepazoea mpaka hampaoni tena. Zile kufuli tatu ni za nini? Kuhesabu mbele ya wote ni kwa nini? Vikundi vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, miongoni mwa wanawake wengi wasiojua kusoma, na moja ya taratibu zake ni kwamba wanachama wenyewe hukariri salio, kisha mkutano unaofuata hulitaja kabla sanduku halijafunguliwa. Kumbukumbu ya wanachama ndiyo kufuli ya nne. Kwenu naona siku hizi katibu anasoma na ninyi mnaafiki. Utaratibu umegeuka juu chini.

Basi Jumamosi ufanyeje?

Kwanza mfuate mhesabu mwenzako, mapema, si mlangoni mkiingia. Nalisisitiza hili kuliko yote. Asch alipomweka mtu mmoja tu chumbani aliyesema ukweli, makosa ya yule kijana yalishuka hadi robo ya yale ya mwanzo. Mtu mmoja! Na wingi wa wapinzani haukuwa na uzito tunaoudhani: akipingwa na mmoja kijana hakuyumba, akipingwa na wawili aliyumba kidogo, na kuanzia watatu nguvu ya kundi ilikuwa karibu imefika ukomo. Kinacholemea ni kuwa peke yako. Wakiwa 26 wameafiki na ninyi ni wawili, hali ni tofauti kabisa na wewe mmoja mbele ya 27.

Ila mkubaliane waziwazi. Asch alijaribu pia kumfanya yule mwenza abadilike katikati, ahamie upande wa wengi, na kijana aliyeachwa alirudi kufuata kundi karibu kama mwanzo. Mwenzako akikuambia "tutaona siku hiyo", basi bado hujampata. Mwombe naye aandike anachokumbuka, peke yake, kabla hujamwonyesha daftari lako. Zikilingana mtakuwa na karatasi mbili, na hofu yako ya kwamba labda ulichanganya itakuwa imepata jibu. Zisipolingana, ni afadhali mlijue hilo mkiwa ninyi wawili tu.

Mkishalingana, mwendeeni katibu kabla ya Jumamosi, wawili kwa pamoja. Huenda katikati ya wiki kuna mwanachama aliyepewa msaada wa dharura, wenye funguo wakaitwa wote watatu, na katibu akasahau kuliandika au kulitangaza. Yanatokea kwenye vikoba vyema kabisa. Muulizeni kama watu wanaotaka kuelewa: "Dada katibu, sisi ndio tuliohesabu Jumamosi ile, tuliacha laki nne na kumi na nane. Tusaidie tuone laki moja ilitoka lini na ilienda wapi." Msitaje wizi, wala msilipeleke kwenye kundi la WhatsApp. Pale WhatsApp wa kwanza kujibu atawapangia wengine wote jinsi ya kujibu.

Kama hakuna maelezo, semeni mkutanini, na msemee mwanzoni kabla ya swali la kuafiki, kwa sababu mikono ikishaanza kupanda ni vigumu kuishusha. Wewe useme, na mwenzako aseme papo hapo, "Hata mimi nakumbuka hivyo hivyo," pasipo kuacha ukimya katikati. Kisha rudieni maneno yaleyale kila mtakapoulizwa. Serge Moscovici na wenzake walionyesha mwaka 1969 kwamba watu wawili ndani ya kundi la sita wakishikilia neno lao bila kuyumba waliweza kuwavuta baadhi ya wengi, karibu asilimia 8 ya majibu. Walipoyumba leo hivi kesho vile, uvutano ukakaribia sifuri. Asilimia 8 ni kidogo, na wale wawili walikuwa wakisema uongo, eti slaidi ya buluu ni ya kijani. Ninyi mnasema mliyoyahesabu kwa mikono yenu.

Halafu toeni hoja moja ya utaratibu: kila mwanachama aandike salio analolikumbuka kwenye kipande cha karatasi kabla katibu hajasoma, na asiyejua kuandika amnong'oneze mhesabu. Mwaka 1955 Morton Deutsch na Harold Gerard waligundua kwamba mtu aliyeandika jibu lake mwenyewe kabla ya kusikia la wenzake alishawishika mara chache zaidi kuliko asiyeandika. Hoja hii haimtuhumu mtu yeyote, na mwenyekiti mwema ataipenda kwa sababu inamlinda yeye pia.

Kuhusu mkopo wako sitakudanganya. Unaweza kucheleweshwa. Kama unaona hatari hiyo ni kubwa, mwombe mwenzako awe msemaji na wewe uwe wa pili. Wa pili ndiye anayeligeuza neno la mtu mmoja kuwa neno la watu, na si kazi ndogo.

Na wakikataa kabisa kufungua daftari, someni katiba yenu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vikundi kama chenu vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo katiba lazima ipo, na yaelekea inaeleza namna ya kuitisha ukaguzi. Nendeni wawili, mkiwa na karatasi zenu, kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, mkaombe aje kukagua hesabu za kikoba kizima, si za mtu mmoja.

Mumeo mwambie tu kwamba Jumamosi utachelewa kidogo kurudi, aandae chakula cha watoto.

Anti